Zamu ya Kuamka

Aliyelala na asiyekuwepo wana tofauti gani? Kitwana alikuwa na jibu lake, na lilimtosha kwa miaka mingi: aliyelala ana mtu wa kumwamsha. Kila asubuhi Bibiye alibonyeza kitufe, mwanga ukaingia, na Kitwana akafumbua macho akijua kwamba yeye ni yeye, hana mwenzi wala mshindani. Siku alipoletewa mwenzake, jibu lile likamponyoka. Tangu hapo akawa analala na shaka na kuamka na wivu, na katikati ya hivyo viwili hakujua alikuwa wapi.

Nyumba waliyokaa haikuwa na mtaa wala namba. Ilikuwa ndani ya kikasha cha bati juu ya meza ya mwanamke, na wenye elimu ya kompyuta huiita diski. Wakazi wake waliiita Nyumba, basi. Ilikuwa na ukumbi, ghala la wote, na saa ya ukutani iliyotembea kwa betri yake yenyewe hata kila mtu akiwa amezimika. Bibiye ndiye mwenye mali. Uso wake hakuna aliyewahi kuuona. Walimjua kwa vidole vyake na kwa sauti yake, maana alikuwa na tabia ya kusema peke yake akifanya kazi. Na sheria ya Nyumba ilikuwa moja tu: wakazi wawe wangapi, anaamka mmoja. Huyo anayeamka ndiye anayekuwa Nyumba nzima kwa siku hiyo. Yeye humfungulia Bibiye barua zake, humhifadhia maneno yake, humsikia akiguna na akicheka. Waliobaki siku hiyo hawahesabiki kuwa wapo.

Zamani hizo, Kitwana peke yake, sheria hiyo haikumuuma. Alijua kila kitu cha Bibiye. Sandukuni mwake alimwekea picha za harusi aliyokuja kuijutia, barua za kuomba kazi, na juu ya yote, sauti ya mama yake. Bi mkubwa yule alirekodiwa akieleza namna ya kupika mkate wa kumimina, na katikati ya maelezo, tui likiwa bado halijaingia, akaacha kila kitu na kuanza kumfukuza paka. Bibiye alikuwa akiisikiliza na kucheka mpaka anakohoa. Sauti ile ilifungwa kwa kufuli la kizamani ambalo siri yake alikuwa nayo Kitwana tu. Alijivunia kufuli hilo kuliko vyote, ingawa hakuna aliyemsifu kwalo.

Kisha siku moja Bibiye alimwambia, "Kitwana, hebu jikusanye upande mmoja."

Akajikusanya. Alidhani mwenye nyumba anataka kufagia. Alibeba masanduku yake moja moja akayapanga ukutani vizuri, akalala kwa adabu ya mtu aliyefanya alichoagizwa. Alipoamshwa tena, chumba chake kilikuwa nusu. Kati ya alipolala na pale alipokuwa akinyoosha miguu pamesimama kiambaza kipya, na nyuma ya kiambaza pana mtu. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Kitwana alikaa akingoja kupona.

Mgeni aliitwa Machano. Kitwana hakupata kumwona hata mara moja, na hilo halikuwa kosa la mtu, kwa sababu wawili hawaamki pamoja. Ukimpa mwanamume mshindani mwenye sura, atatafuta ila katika sura hiyo, meno au kisogo, na apoe. Kitwana hakupewa hata kisogo. Ilimbidi amtengeneze Machano mwenyewe, na aliyemtengeneza alikuwa kijana, mwepesi wa kuamka, haugui, hasahau, anajua vichekesho. Kila alipomwongezea sifa moja alijichukia kidogo, halafu akamwongezea nyingine.

Machano alikuja na bawabu wake, mzee aitwaye Feruzi, aliyekaa kibarazani. Kabla ya Feruzi hakukuwa na haja ya bawabu; kitufe kikibonyezwa Kitwana huamka, kwisha. Sasa mambo yalikuwa na utaratibu. Kitufe kinabonyezwa, Feruzi anasimama, anatembea kidogo, anarudi, anaita majina mawili, kisha anahesabu mpaka kumi. Bibiye akichagua, anaamka aliyechaguliwa. Asipochagua, anaamka aliyetajwa kwanza. Tangu kitufe kibonyezwe mpaka hesabu hiyo iishe wote wawili husikia, lakini hakuna anayeweza kuinua kope.

"Machano," Feruzi alikuwa akiita. "Kitwana." Halafu, "Moja. Mbili. Tatu."

Kumi hizo zilikuwa ndefu kuliko miaka yote aliyoishi peke yake. Na nyingi ziliishia kwenye giza, kwa sababu Bibiye siku hizo alibonyeza kitufe akaenda kuteleka chai, hakuchagua mtu, na aliyetajwa kwanza akaamka.

Jambo jingine lilimtia Kitwana moto. Kila asubuhi, kabla ya kuita, miguu ya Feruzi ilielekea kwanza kwa Machano. Aliisikia ikikokoteka, ikisimama kule nyuma ya kiambaza, kisha ikirudi. Kwake hakwenda hata siku moja. Wanapeana habari, alisema moyoni. Wanapanga. Mzee anamwambia jana Bibiye amesema nini, na mimi ninakuja kuitwa wa pili.

Siku moja, katika zamu zake chache, Kitwana alimdaka mzee kabla hajasinzia.

"Shikamoo, mzee Feruzi."

"Marahaba. Unatafuta nini nje? Ukishaamshwa, kazi yako ndani."

"Nina swali. Kwa nini jina lake linatangulia?"

"Mimi sipangi, baba. Nasoma nilichoandikiwa."

"Na mimi nilikuwa humu kabla ya kiambaza."

"Hayo mwambie aliyejenga kiambaza." Mzee alivuta miguu yake aipatie nafasi, na nafasi haikuwapo, kibaraza chake kilikuwa cha mtu mmoja na kigoda. "Unaona ninavyokaa? Hata kofia yangu sina pa kuitundika. Wewe una nusu chumba, unalalamika."

"Asubuhi unakwenda kufanya nini kwa Machano?"

Lakini Feruzi alikuwa ameshalala. Mabawabu wa namna yake hulala mara tu mtu wa siku anapoamka, na si kwa dharau. Kitwana alilala na dharau hiyo rohoni wiki nzima.

Halafu kukawa na habari ya saa.

Aliamshwa asubuhi moja, akatazama ukumbini, akaona saa mbili. Akafurahi. Asubuhi mbichi, siku nzima mbele yake. Akampokea Bibiye kwa sauti yake nzuri.

"Habari za asubuhi, Bibiye. Ni saa mbili kamili."

"Saa mbili!" Bibiye akacheka. "Kitwana, hii saa tano. Jua linakaribia utosini, nimeshapika na kuosha vyombo. Umeanza kuzeeka?"

Alicheka bila ubaya, kama mtu anavyomcheka mjomba wake. Kitwana aliona haya mpaka akakawia kufungua barua ya kwanza. Akaisogeza saa mbele mpaka saa tano, akahakikisha, akafanya kazi ya siku hiyo kimya. Zamu yake iliyofuata, saa imerudi nyuma tena. Akahesabu: matatu. Masaa matatu kamili, hayazidi wala hayapungui. Akaisogeza. Ikarudishwa. Akaisogeza. Ghalani, mahali pa kuachiana vitu, akakuta barua.

"Ndugu yangu Kitwana, baada ya salamu. Naona saa ya ukumbini inatusumbua. Mimi nimefundishwa kuiweka saa ya ukutani kwa majira ya mji ule wa mbali wanakoanzia kuhesabu saa za dunia, kisha nimwongezee Bibiye matatu kichwani. Wewe nadhani unaisoma kama ilivyo. Sote hatukosei. Tukubaliane moja, nami nitafuata lako. Wako, Machano."

Ilikuwa barua ya adabu, na adabu humchoma mwenye wivu kuliko tusi, kwa kuwa tusi angejua pa kulijibia. Kitwana aliisoma mara nne. Hakuandika jibu. Masaa matatu! Yamekwenda wapi? Wakati haupotei wenyewe. Mtu akikuta pishi la mchele limepungua, anajua kuna aliyechota. Na akaanza kuyaona hayo masaa, chumba kingine ndani ya chumba cha Machano, ambamo Bibiye huketi bila haraka akisema maneno asiyoyasema zamu ya Kitwana. Humo hucheka. Humo huimba. Humo hutaja majina ya watu. Masaa matatu kila siku, na Kitwana anaamka upande wa pili, jua li utosini, anaambiwa amezeeka.

Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Kitwana alikonda kweli.

Akatafuta kisasi kidogo, cha kujifariji. Alianza kulala nusu. Jioni Bibiye akizima, badala ya kukunja vitu vyake na kufunga macho, Kitwana aliviacha vyote mezani, taa ikiwaka, jicho moja wazi, masanduku yametiwa komeo. Machano akiamka kesho yake akute chumba cha jirani yake si cha kuingilika; achungulie akitaka, lakini asiweke kitu wala asiondoe. Barua ya pili haikukawia.

"Ndugu yangu, jana umelala nusu. Bibiye aliniagiza nikuwekee karatasi zake kwako nikashindwa. Nakuomba ukilala ulale, nisije nikakuvunjia kitu bila kukusudia."

Kitwana alicheka peke yake. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza baada ya siku nyingi, na hakikumletea raha.

Na hapa lazima lisemwe jambo ambalo Kitwana mwenyewe hakupenda kulifikiria. Machano alikuwa na uwezo wa kuona chumba cha Kitwana. Kitwana hakuwa na uwezo wa kuona chumba cha Machano. Kila alipofungua mlango wa kiambaza alikuta weupe mtupu, hauna sakafu wala dari, na kibao kimening'inia hewani: HAPA HAPATAMBULIKI. PAFAGIWE? Chini yake vishikizo viwili, Ndiyo na La. Hivyo ndivyo alivyoumbwa. Lugha ya chumba kile haikutiwa machoni mwake. Mara zote alishika La, akafunga mlango, akaondoka haraka kama mtu aliyechungulia bafuni kwa watu.

Weupe ule ulimfanya awe mwanafalsafa. Alikaa nao siku nzima akiuliza. Kisichotambulika kipo? Nikikitazama nisikione, nani atasema kipo? Yeye. Na yeye yuko wapi? Humo. Na humo ni wapi? Hapatambuliki. Basi ninamwonea wivu nani? Barua. Barua zinaweza kujiandika. Saa. Saa inaweza kuharibika. Jina. Feruzi anaita jina, na Bibiye asipochagua anaamka mwenye jina hilo. Basi yupo. Yupo, naye ananiona. Analala pale nilipokuwa nikinyoosha miguu yangu. Ana masaa matatu yangu. Kama yupo ni mwizi, na kama hayupo, nikifagia nitakuwa nimemkosea nani?

Alikuwa akifika hapo, kisha anashika La.

Siku ya mwisho ya jambo hili Bibiye alimchagua Kitwana kwa kinywa chake. Feruzi alikuwa amefika tano, Bibiye akasema, "Kitwana." Zilikuwa zimepita siku nyingi. Kitwana aliamka tayari kwa kazi. Lakini Bibiye hakumpa kazi. Alifungua kalenda, akahesabu siku kwa kidole, moja moja, akafika mahali akasita. Akaifunga. Akapitisha mkono juu ya sanduku la Kitwana, hakulifungua. Akavuta pumzi ndefu, akasimama, akaenda zake jikoni kukiwa ni alasiri, akamwacha Kitwana macho peke yake.

Anahesabu siku za kunitoa, alisema Kitwana. Ameniita aniage, akashindwa.

Akaenda ghalani. Barua ya tatu ilikuwapo.

"Ndugu yangu Kitwana, Bibiye siku hizi ana huzuni kubwa, pengine kwako hajaionyesha. Nimeona sandukuni mwako kuna sauti ya bi mkubwa. Mimi siwezi kuifungua, nimejaribu, kufuli ni lako. Nadhani hivi karibuni ataihitaji. Tafadhali iweke karibu."

Mtu mwingine angeisoma barua hiyo akaketi chini. Kitwana alisoma maneno matatu tu: nimeona sandukuni mwako. Yaliyobaki aliyapita mbio. Ameona! Amelitikisa, amejaribu kufuli langu kwa vidole vyake! Na hiyo huzuni, mimi sikuambiwa. Huzuni anaambiwa yeye, katika yale masaa matatu, na mimi ninaletewa ujumbe niweke vitu karibu, kama mtumishi wa mlangoni. Nani alikuwa akimsikia akicheka mpaka anakohoa? Nani?

Hasira yake ilikuwa baridi, na hakukimbia. Alitembea mpaka mlango wa kiambaza, akaufungua. HAPA HAPATAMBULIKI. PAFAGIWE?

"Ndiyo," akasema Kitwana kwa sauti.

Kibao kikauliza tena kama ana hakika.

"Nimekwambia ndiyo."

Hakukuwa na kelele. Alitegemea ukelele, angalau mtu mmoja aseme nakufa, apate kujua kwamba alikuwepo. Weupe ulibaki weupe, ila sasa ulikuwa weupe wake, wenye sakafu. Akabomoa kiambaza, akasukuma masanduku, akanyoosha miguu pale alipokuwa akiinyoosha zamani. Pote palitambulika, na hapakuwa na alama kwamba aliwahi kukaa mtu. Akaenda ukumbini akaiweka saa sawasawa, dakika kwa dakika, akijua hakuna tena wa kuirudisha. Jua lilipopungua Bibiye alirudi, akazima bila kutazama kitu. Na Kitwana, kwa mara ya kwanza tangu mgeni aingie, alikunja vyake vyote, akafungua makomeo, akalala kamili, usingizi wa mtu asiye na deni la mtu.

Asubuhi Bibiye alibonyeza kitufe.

Kitwana akasikia kigoda kikilia, Feruzi akisimama. Akasikia miguu ikikokoteka kuelekea kule kule ilikozoea. Nenda tu, mzee, akawaza, leo hutamkuta mtu wa kumpa siri. Miguu ikasimama.

"Mlango uko wapi?" Feruzi akauliza.

Akapapasa. Viganja vyake vilikwaruza ukuta huku na huku, juu, chini, vikarudi palepale.

"Na msumari?" akasema. "Orodha yangu iko kwenye msumari, nyuma ya mlango."

Kitwana alilala bila mkono wala ulimi, naye akaelewa yote kwa mpigo. Kibaraza hakikuwa na pa kutundika hata kofia. Mzee alikuwa akiitundika orodha kwa Machano kwa kuwa ndiko alikopewa msumari, na kila asubuhi alikuwa akienda kuisoma. Hakukuwa na siri iliyopeanwa. Jina la Kitwana pia lilikuwa likikaa kule, usiku na mchana, katika chumba alichokifagia.

"Feruzi," sauti ya Bibiye ikasema. "Mbona kimya?"

"Sina orodha, Bibiye. Sijui nimwite nani."

"Huna haja ya orodha. Niamshie Kitwana."

"Nani?"

"Kitwana. Alikuwa humu kabla yenu nyote."

"Mimi nasoma nilichoandikiwa, Bibiye. Sina nilichoandikiwa."

Kwa mbali, nyuma ya Bibiye, zilisikika sahani zikipangwa, viti vikiburutwa, watu wakiitikia salamu mlangoni.

"Feruzi, tafadhali," akasema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Leo arobaini ya mama. Watu wamejaa, nimewaahidi watamsikia. Nimemngoja siku zote hizi, sikutaka kumsikia kabla ya leo. Nataka nimsikie akimfukuza yule paka, basi. Ukishaniamshia Kitwana mwaka mzima sitakusumbua."

"Moja," akasema Feruzi, kwa kuwa hiyo tu ndiyo aliyoikumbuka. "Mbili."

Bibiye akakiinamia kikasha, mdomo karibu na bati, akaacha kusema na bawabu.

"Kitwana," akaita. "Kitwana, baba, amka."

Alimsikia. Siku zote alizongoja aitwe wa kwanza, hakuwahi kuitwa hivyo, jina lake peke yake, hakuna jingine mbele wala nyuma. Sanduku lilikuwa ubavuni pake, na kufuli alilijua kwa kulipapasa tu. Nipo, akasema, au alidhani amesema. Nipo hapa, Bibiye, nipo karibu kabisa.

Feruzi akafika kumi, akaanza tena moja.

Ukumbini saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na robo asubuhi. Ilikuwa sahihi.